Yaya, Acha Kutwanga Kinu Kitupu

Yaya, dada yangu mkubwa uliyeko Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa,

Sianzi kwa salamu. Salamu utazipata mwishoni, kama bado nitakuwa nazo. Leo nimechefuka, na aliyenichefua ni wewe. Nikianza kukuuliza hali ya huko nitakuwa mnafiki, maana hali yako nimeshaletewa mpaka mlangoni.

Papa Ilunga, mchuuzi wa huko kwenu, aliingia hapa Kashikishi juzi na mtumbwi wake wa mashine kununua samaki wakavu. Unamjua alivyo. Miaka yote huwaponda samaki wangu, wembamba, wana mchanga, wamekauka vibaya, ili nimpunguzie. Juzi alikaa kwenye kibao, akaomba maji, akawasifu. Nikajua huyu mtu ana neno linalomkaba. Nikamwambia aliteme.

"Mama," akasema, "yaya yako eko anatwanga kinu haina kintu. Mi napita pale kila siku, nasikia. Muhogo ikiwa mu kinu, mulio iko nzito. Ile ya kwake iko muti juu ya muti."

Nikamuuliza kama huko hakuna wanaogawa chakula. Akasema wapo, misheni wanagawa unga, na jirani zako wanaenda, ila wewe umekataa. "Nilimuambia aende. Alinitukana, mama. Anasema yeye hakuzaliwaka ya kulomba."

Papa Ilunga alipoondoka nilibaki na kisu mkononi na samaki nusu. Kinyaa kilinipanda. Wewe, Yaya! Angekuwa mtu mwingine ningemwonea huruma, ningelia kidogo, ningemtumia kitu na kunyamaza. Lakini wewe unaujua mlio huo kuliko mtu yeyote kwenye ziwa hili. Wewe ndiye uliyenifundisha kuusikia.

Barua hii sijaifunga. Papa Ilunga akitaka aisome, na yeyote atakayeishika njiani aisome, maana wanaonichefua ni wengi na sina nauli ya kumfikia kila mmoja. Ninaandika Kiswahili cha kitabu kama baba alivyotuzoesha. Wewe kisome kwa mdomo wetu wa nyumbani.

Unaukumbuka mwaka ule ziwa lilipopanda. Tulikaa nyuma ya vichanja vya kukaushia samaki, mimi na wewe na mume wako, nyumba ya udongo ambayo ukuta wake mmoja ulikuwa unanuka moshi hata kwa mvua. Maji yaliingia kwenye mashamba ya bondeni na kukaa humo kama mgeni asiyejua kuaga. Mihogo ikaozea ardhini. Ukichimba unatoa kitu cheusi, laini, chenye harufu ya mdomo wa mlevi. Samaki nao wakahama, wavuvi wakawa wanakaa kambini Chisenga kwa muda mrefu na kurudi na vitoto vya samaki visivyojaza sahani. Watu wa huku hawakuwa wamezoea njaa. Tulizoea umaskini, ambao ni kitu kingine.

Ndipo lori likaleta unga wa manjano.

Unga ule haukuwa na kosa lolote. Ulikuwa wa mahindi, mzito, una harufu ya gunia, na bukari yake, ugali wake, ilitoka ya rangi ambayo hatukuizoea, lakini ilishibisha. Kosa lilikuwa uwanjani pa kanisa, pale ulipogawiwa. Kila nikipakumbuka natamani kunawa mikono.

Mwenyekiti wa komiti alikuwa yule mama wa nyumba ya bati tuliyemwita Ba Cheya. Alikalia kiti, wengine wote wima. Wanaogawa walisimama kivulini, wanaopokea walisimama juani, na alisema ni kwa ajili ya utaratibu. Alikuwa na leso yenye manukato aliyoiweka puani kila anapokaribia mtu. Jina lako likiitwa, unatoka mbele, unaulizwa kwa sauti jana mlikula nini nyumbani kwako. Unajibu kwa sauti pia, vinginevyo unaambiwa urudie, watu wa nyuma hawajasikia. Mwanamke mzima, mama wa watu, anasema mbele ya wakwe zake, "Jana hatukula." Ndipo anapimiwa unga kwenye kopo, na akishapimiwa anaambiwa aimbe wimbo wa shukrani. Aimbe! Na akiimba kwa sauti ndogo, Ba Cheya anacheka na kusema njaa imemaliza hata sauti.

Mimi na wewe tuliona. Hatukuwa kwenye mstari kwa sababu mume wako alikuwa bado na mzigo wa samaki wa kuuza ng'ambo, na tulikwenda kumsindikiza bibi mmoja asiyeona vizuri. Uliona pia wale waliosimama nje ya uzio. Hao ndio walionitapisha zaidi. Walikuja na watoto mgongoni, wakaegemea miti ya uzio kama watu waliokuja kuangalia ngoma, kuona nani leo kaitwa. Kesho yake bombani kila mtu alijua. Wakawapa jina, "batu ba manjano." Watoto wakalifanya wimbo. Mwanamke akipita na ndoo yake, wanamwimbia nyuma. Na nusu ya walioimba, usiku walilala bila kitu tumboni. Jamani, mwanadamu anaweza kuwa na njaa na bado akapata nguvu ya kumcheka mwenye njaa mwenzake!

Jirani yetu Bana Chola alikuwa mmoja wa waliosikia wimbo ule akaapa hataenda. Mume wake, Bashi Chola, alikuwa Chisenga. Chola mwenyewe, mtoto wao wa kwanza, alikuwa mkubwa kidogo, lakini yule mdogo wake wa kike, unamkumbuka, nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu na miguu imevimba. Walipompeleka Kafutuma, pale zahanati, waliambiwa ugonjwa wa mtoto ni sahani. Alishwe. Bana Chola akarudi nyumbani na mtoto mgongoni, akapita mbele ya magunia ya unga yaliyojaa stoo ya kanisa, akaingia ndani, akafunga mlango. Jioni tukasikia anatwanga.

Tulikuwa tunachambua samaki, mimi na wewe. Ukainua mkono ninyamaze.

"Sikia," ukasema. "Ile kinu haina kintu."

Nilisikiliza. Mchi ulikuwa unagonga kinu, kavu, unaruka kidogo kila unapogonga. Nikakuuliza, "Shi juu ya nini anatwanga?"

"Juu tusikie," ukasema. "Anatwangia masikio yetu."

Nakumbuka uso wako, Yaya. Nilidhani utalia. Ulitema mate chini, kwenye magamba ya samaki, ukasema kitu kuhusu Ba Cheya ambacho siwezi kukiandika katika barua isiyofungwa. Ukajifunga kitenge upya ukaondoka, nami nyuma yako na mikono yangu inanuka samaki.

Ba Cheya alikuwa barazani kwake anakula karanga. Ulimsalimu vizuri, ulipiga magoti na makofi kama inavyotakiwa, nikashangaa. Ukamwambia kuna nyumba ambazo watoto wanavimba na mama zao hawaji kwa insoni, kwa aibu. Ukamwomba unga upelekwe nyumbani.

"Mwenye njaa atakuya na miguu yake," akasema. "Mwenye hakuyi, haina na njaa. Ni insoni gani hiyo? Insoni ya mutu mwenye kushiba."

"Mutoto haina na insoni, mukwai," ukamwambia. "Mutoto eko na njaa tu."

Akatafuna karanga. Ukaona hapatoki kitu kwa upande wa huruma, ukaenda upande mwingine. Ukamwambia unga ule umekaa stoo muda mrefu na umeanza kuingia wadudu, na wenye lori wakirudi wakakuta magunia yamejaa wadudu huku watoto wanakufa, watauliza nani alikuwa mwenyekiti. Hapo akaacha kutafuna. Alituambia tuchukue gunia, ila tusiseme yeye ndiye aliyeogopa. Tusiseme! Kama vile tungekwenda kumsifu. Leo nasema.

Sasa tulikuwa na unga, lakini hatukuwa na njia ya kuupeleka. Ukiupeleka kwa kopo, ni wa kanisa. Ukimwita aje kuchukua, ni yale yale. Bana Chola angeturudishia mlangoni, na tungekuwa tumemwongezea aibu ya kujulikana. Ulikaa juu ya gunia ukawaza mpaka ukacheka peke yako.

"Ku chililo," ukasema, "kila mutu anapokea bunga. Hata mutajiri. Mulishaka kumuona mutu anachekewa juu alipokea bunga ya kilio?"

Ilikuwa kweli. Hapa kwetu mtu akifiwa, wanawake wanakwenda kwa mstari, beseni kichwani, limefunikwa kwa kitenge, kimya. Hawabishi hodi, hawasemi wameleta nini. Wanaweka ndani, wanakaa chini. Hakuna anayepima, hakuna anayeuliza mlikula nini jana. Na mwenye nyumba hashukuru kwa wimbo. Anapokea kwa sababu amefiwa, na kesho atapeleka kwa mwingine.

"Bon," ukasema. "Tumupelekee vile."

Na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri zaidi ya hapo! Wanawake wazima, wenye akili zao, tumezika ndugu na wazazi, tukakubaliana vizuri kabisa. Tukaita wenzetu watatu wenye midomo mizito. Tukajaza mabeseni. Wewe ulibeba lile la bluu, la bati lenye rangi ya kung'aa, lililobanduka ukingoni. Tukafunika, tukajifunga vitenge kiunoni, tukatoka mchana kweupe kwa mstari, kimya, macho chini, ili watu wasituulize maswali.

Kulikuwa na upepo siku ile. Ziwa lilikuwa jeupe kwa mawimbi. Nalo hatukulifikiri.

Bana Chola alikuwa uwanjani na mchi wake mkononi, anatwanga lile bure lake. Akainua kichwa. Akatuona tunaingia kwa mstari, tumefunika, hatusemi. Nikaona mchi unaanguka, na kabla haujatulia chini mikono ilikuwa kichwani.

"Mayo! Mayo, nafwa! Bashi Chola! Ziwa imemukula Bashi Chola!"

Yaya, nimesikia vilio vingi, sijasikia kingine kama kile. Alijitupa chini, akagaagaa kwenye mchanga. Sisi tumesimama na mabeseni vichwani kama wapumbavu. Ulitua beseni ukamkimbilia, ukapaza sauti, "Hapana! Hakuna mutu alikufa! Iko bunga tu! Bunga tu!" Lakini nani alikusikiliza? Majirani walikuwa wameshamiminika. Yule mama wa duka la sabuni alikukamata mabega akawaambia wenzake, "Mumushike huyu, kichwa imeruka juu ya uchungu." Wakakushika. Ulivyozidi kukataa ndivyo walivyozidi kukukalisha chini na kukupepea. Mimi niliposema hakuna kifo waliniambia ninyamaze, si wakati wa utoto.

Ndani ya muda mfupi uwanja ulijaa. Wanaume wakaleta magogo ya moto. Vyungu vikaletwa. Na wanawake wakaanza kuingia na mabeseni yao, mengine yana unga mweupe wa muhogo waliokuwa wamebakiza kwa siku mbaya zaidi, mengine yana samaki wawili watatu. Niliwaona walioegemea uzio wa kanisa. Niliwaona wenye watoto walioimba. Wote walikuja wamefunika, wakaweka ndani, wakakaa chini. Hapakuwa na mtu wa manjano wala mweupe. Unga wetu ukamwagwa pamoja na wao chungu kimoja, bukari ikatoka ina madoa, na watu wakala kwa mkono mmoja huku wakifuta machozi kwa mwingine. Yule mtoto mwenye nywele nyekundu alipakatwa na bibi mmoja, akalishwa tonge kwa tonge na mchuzi wa samaki, na hakuna aliyemwangalia kwa sababu wote walikuwa wanamlilia baba yake.

Ba Cheya naye akaja. Bila leso. Akajitupa chini kwenye mchanga kama wengine, akalia kuliko wote, akasema Bashi Chola alikuwa kama kaka yake. Hakuwahi kumsalimia! Nilitamani kucheka na kutapika kwa pamoja.

Halafu Bashi Chola akafika.

Alitokea upande wa bandari, kasia begani, nguo zimelowa, ana kamba ya samaki mkononi. Upepo ulimfukuza kambini akarudi mapema. Akakuta watu wamejaa kwake. Mtu mwingine angepiga kelele, lakini yeye alikuwa mtu wa adabu. Aliweka kasia chini taratibu, akavua kofia, akaenda kukaa na wanaume, akainamisha kichwa. Baada ya kulia kidogo kama heshima akamgusa jirani yake.

"Nani alikufa?"

"Bashi Chola," yule akajibu bila kugeuka.

"Bashi Chola ya wapi?"

"Shi wa hapa. Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba njo mi!"

Unakumbuka watu walivyokimbia. Wazee waliruka uzio. Ba Cheya aliacha kiatu kimoja. Bana Chola peke yake ndiye aliyekwenda mbele, akamshika mume wake uso, akamshika masikio, akamnusa, kisha akampiga kofi.

Kicheko hakikuja upesi. Alikasirika sana. Alisema tumemwita kifo, kumlilia mtu mzima ni kumwonyesha kaburi njia. Ulitambaa kwa magoti mpaka miguuni pake ukapiga makofi ya kuomba msamaha, ukamweleza yote, kinu, unga, chililo, hadharani, na Bana Chola anasikia. Niliogopa hapo kuliko wakati wowote. Nilimwona anakunja uso, nikafikiri sasa aibu ndiyo inampata kweli, mbele ya watu wote. Bashi Chola alimwangalia mkewe. Akamwangalia mtoto wake, aliyekuwa na mchuzi mpaka kwenye paji la uso, amelala ameshiba. Akakaa kando ya chungu.

"Bon," akasema. "Kama iko kilio yangu, munipe bukari yangu nikule."

Hapo ndipo watu walipocheka, na walicheka mpaka waliokimbia wakarudi. Alikula mbele yetu chakula cha msiba wake mwenyewe, tonge kubwa kubwa, kututhibitishia kwamba yu hai.

Kesho yake Bana Chola alikuja kwetu na beseni la bluu. Alikuwa amelifunika. Ndani mlikuwa na majani ya muhogo, sombe kidogo tu, aliyochuma kwenye vijiti vilivyobaki juu ya maji. Hakurudisha beseni tupu. Alikupa kwa mikono miwili akasema, "Jana nilikula, na hakuna mutu aliniangalia kinywa." Ulipika yale majani siku ile ile, na ulikula kama umepikiwa na mama. Nilikuona ukilia ukisema ni moshi.

Kuanzia hapo tulipeleka unga nyumba kwa nyumba, ila uliweka masharti. Hakuna mstari. Hakuna ukimya. Kila mmoja anakwenda peke yake, kama mgeni, anaanza kucheka tangu njiani na kusema upuuzi kwa sauti kubwa ili asiue mtu wa watu. Anakaa, anazungumza, anashika watoto, anaacha beseni bila kulitaja. Na beseni halirudi tupu. Mtu anaweka alicho nacho, majani, kuni mbili, ndizi ya kuchoma, na asiye na kitu kabisa analiosha likang'aa. Aliyepokea wiki hii ndiye anayebeba wiki ijayo kwenda kwa mwingine. Bombani wimbo ule ukafa, maana kila mtoto alimwona mama yake kapita na beseni, na hakujua tena alikuwa anapeleka au anarudisha. Yule mdogo wake Chola nywele zilirudi kuwa nyeusi. Siku hizi ni binti wa kunisaidia kugeuza samaki kwenye vichanja, ana kelele kuliko wote.

Ba Cheya alipowapokea wenye lori aliwaambia mpango ule ameutunga yeye. Alisimama juani ili wamwone vizuri. Sitaki kuongeza neno.

Sasa nisikilize, Yaya, maana nimefika kwenye uchungu wangu.

Huku wamerudia. Mwaka huu limekuja tena lori, na komiti ni ya watu wapya ambao hawakuwepo, na wamerudi kwenye uwanja ule ule, na safari hii wana kipaza sauti. Kipaza sauti, Yaya! Majina yanasikika mpaka bandarini. Nilikwenda kuwaambia, mimi na Bana Chola, wakatuambia tunaharibu utaratibu. Tumeacha kuwaambia. Tunabeba tu, wachache tuliobaki, na tunacheka njiani mpaka koo linauma. Kila siku ninarudi nyumbani nimechukizwa na watu, na kila siku kinachonifanya niamke tena ni kwamba nilikuona wewe ukifanya.

Na wewe, huko Kilwa, mume wako amefariki, samaki wamepungua, watoto wako wawili unao, na jioni unachukua mchi unapiga kinu kitupu ili jirani wasikie. Unataka niseme nini? Kwamba una heshima? Heshima gani hiyo inayolaza watoto na njaa? Uliwahi kumwambia mwanamke mwingine, machoni, kwamba mtoto hana insoni, mtoto ana njaa tu. Wako wana nini? Au ulipokuwa unabeba beseni lile, moyoni mwako ulikuwa unafikiri kubeba ni kwako na kupokea ni kwa watu wa chini? Kama ndivyo, basi ulikuwa Ba Cheya asiye na leso, na nimekupenda bure miaka yote hii.

Sijui. Siamini. Nakujua. Najua misheni huko wanafanya yale yale, wanawasimamisha watu juani, na najua ulipouona mstari uligeuka ukarudi nyumbani. Hata mimi ningegeuka. Kinyaa chako nakielewa, tunacho sote wawili, tulikipata siku moja uwanja mmoja. Lakini kielekeze kunakostahili. Wachukie wenye kiti na kopo. Usijichukie wewe, na usiwachukie watoto wako kwa kuwa wana tumbo. Nakupenda, Yaya. Nimekasirika na nakupenda, na nimefuta mstari huu mara kadhaa kabla ya kuuacha.

Papa Ilunga anavuka kesho. Nimempa lile beseni la bluu, ulilosahau ulipohama. Limejaa unga wa muhogo niliotwanga mwenyewe, unga wa kweli, na samaki juu yake, na limefunikwa kwa kitenge chako cha zamani. Nimemwagiza aanze kucheka tangu anapotia nanga, apige kelele njia nzima, aimbe akiweza, ili usije ukamwona na beseni lililofunikwa ukafikiri nimekufa. Mimi ni mzima. Salamu nilizokunyima mwanzoni, hizi hapa, na Bana Chola anazo zake, na Bashi Chola aliyeliliwa akala bukari yake anakusalimu.

Beseni nalisubiri, na usilirudishe tupu. Weka majani. Weka jiwe la ufukweni kwako, nitalipokea kwa mikono miwili. Kama huna kabisa, lioshe ling'ae.

Lakini Papa Ilunga atapita tena mbele ya nyumba yako, na nimemwambia asikilize. Akiniletea habari kwamba bado ule mti unalia juu ya mti, nitavuka. Sitavuka peke yangu. Nitakuja na Bana Chola na wanawake wote wa vichanja, mchana kweupe, kwa mstari, mabeseni vichwani, tumefunika, hatusemi neno. Tutaingia uwanjani kwako tutakaa chini. Na ukitoka kutupigia kelele kwamba hakuna aliyekufa, hatutakusikiliza.

Mimi mdogo wako,
wa Kashikishi, nyuma ya vichanja.